Fimbo za mlimani: kuzipima, kuzifunga na kuzitumia, hasa wakati wa kushuka

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Lemosho hufika Uhuru, mita 5,895, akiwa anatembea tangu usiku wa manane. Siku hiyo hiyo anatakiwa ashuke mpaka kambi ya Mweka, iliyo kwenye mita 3,100 hivi. Ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa mkupuo mmoja, kwa miguu iliyokwisha kuchoka, juu ya kokoto zinazokimbia chini ya viatu. Na kesho yake bado kuna mita 1,400 na ushei mpaka geti la Mweka. Hapo ndipo fimbo hurudisha gharama yake. Wengi hudhani ni kifaa cha kupandia. Siku ya kwanza msituni huzishika kwa bidii, lakini siku ya kushuka huzifunga kwenye begi, au huteremka nazo zikiwa na urefu ule ule waliouweka getini.

Fimbo za kurefusha na kufupisha zimetengenezwa hivyo ili urefu ubadilishwe njiani. Usipoubadilisha umelipia loki, yaani vifungo vya kushikilia urefu, usizozitumia, na ungetosheka na fimbo ya kukata porini.

Jambo moja lieleweke mapema: fimbo haiondoi kazi, inaihamisha. Sehemu ya uzito wa mwili na begi hutoka kwenye magoti na vifundo, ikaenda mabegani na mikononi. Mikono nayo inatumia hewa. Ukisukuma kwa nguvu zote juu ya mita 4,000 utahema mapema kuliko mwenzako anayetembea mikono mitupu. Kwenye tambarare, basi, fimbo ni za kushika mwendo na mizani tu. Nguvu iwekwe akiba kwa miinuko mikali na mteremko.

Fimbo gani

Mabomba ya fimbo hutengenezwa kwa aluminiamu au kaboni. Jozi ya aluminiamu huwa na gramu 450 hadi 600. Ya kaboni hushuka hadi gramu 300 au 400. Tofauti hiyo mkononi ni ndogo, ila fimbo inanyanyuliwa maelfu ya mara kwa siku, na bega hulijua hilo kufikia saa kumi jioni. Kaboni ina udhaifu wake: haipindi. Ikibanwa kati ya mawe mawili na mwili ukaegemea upande, hukatika ghafla, na mara nyingi ilikuwa na ufa mdogo tangu jana ambao hakuna aliyeuona. Aluminiamu hupinda kwanza, na fimbo iliyopinda bado inakufikisha kambini. Kwa mawe ya volkano ya Kilimanjaro na Meru, aluminiamu ndiyo chaguo la mtu anayetaka kulala usingizi. Kaboni inamfaa anayejua kuweka fimbo yake mahali pazuri na anayebeba begi jepesi.

Umbo nalo ni la aina mbili. Kuna zenye vipande vitatu vinavyoingiliana, ambazo zikifungwa hubaki na sentimita 60 hadi 65, na kuna zile zinazokunjwa, zenye kamba ndani, zinazobaki na sentimita 35 hadi 40. Za kukunja huingia kwenye begi dogo na hutoka haraka. Lakini nyingi huruhusu kubadilisha urefu kwa sentimita 15 au 20 tu, na baadhi haziruhusu kabisa. Kabla ya kulipa, soma namba zilizoandikwa kwenye bomba. Kama haziendi angalau sentimita 10 juu na 10 chini ya urefu wako wa kawaida, fimbo hiyo si yako.

Loki ndiyo roho ya fimbo. Ipo ya klipu, inayofunguliwa na kufungwa kwa kidole gumba upande wa nje, na ipo ya kuzungusha, ambayo ndani ya bomba kuna kipande cha plastiki kinachotanuka kadiri unavyokaza. Ya klipu ni nzito kidogo, ila unaiona kama imefunga au haikufunga, unaikaza kwa bisibisi, na unaiendesha ukiwa umevaa glavu nene. Ya kuzungusha ni nyepesi na haina kitu cha kunasa kwenye vichaka, lakini ikiingia vumbi au maji huanza kuteleza bila taarifa. Kwa mlima wenye baridi, vumbi na tope katika safari moja, chagua klipu. Za kukunja huwa pia na kibonye kidogo cha chuma kinachochomoza kwenye tundu. Hakikisha kinachomoza chote, kwa kuwa kikiwa nusu fimbo inaonekana imefunga wakati haijafunga.

Kishikio cha mpira hukwangua viganja siku za joto na hutoa malengelenge. Cha sponji ngumu hunyonya jasho na hakileti baridi mkononi. Kile cha gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, hukaa vizuri kiganjani kadiri kinavyozeeka, ila bei yake iko juu. Muhimu kuliko aina ya kishikio ni kama sponji imeendelea chini yake kwa sentimita 15 hivi. Sponji hiyo hukuwezesha kushika chini kwenye mwinuko mfupi bila kugusa loki.

Kuna fimbo zenye springi ndani ya kupunguza mshtuko. Huongeza uzito na huongeza kitu cha kuharibika. Ziache.

Ukikodi Moshi au Arusha

Maduka ya kukodisha vifaa yana fimbo za kila hali, kutoka mpya hadi zilizokwisha kupanda mara nyingi kuliko anayezikodi. Usipewe jozi ukaondoka nayo. Irefushe kila fimbo mpaka urefu wako, funga loki zote, iweke wima sakafuni, kisha iegemee polepole kwa uzito wote wa mwili. Ikizama hata sentimita moja, kaza au badilisha. Rudia ukiwa umevaa glavu utakazopandia. Loki inayokushinda dukani kwenye joto la Moshi haitafunguka saa sita usiku kambini Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Itazame fimbo kwa kuiinua usawa wa jicho, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Iliyopinda kidogo itagoma kuingia kwenye bomba lake. Angalia ncha: ndani ya plastiki kuna kipande kidogo cha kabidi ya tangsteni, chuma kigumu kinachong'ata mwamba. Kikiwa kimelika mpaka usawa wa plastiki, fimbo itateleza juu ya jiwe lenye unyevu. Angalia kama visahani vya plastiki vinavyokaa juu kidogo ya ncha vipo vyote viwili, kama mikanda ya mkononi haijachanika kwenye mshono, na kama fimbo zote mbili ni za aina moja, kwa sababu si ajabu kupewa jozi iliyounganishwa kutoka jozi mbili. Omba pia kofia za mpira za ncha. Utazihitaji kwenye gari na ndani ya begi, la sivyo ncha zitatoboa koti la mvua.

Kupima urefu

Vaa viatu vya safari, simama kwenye sakafu iliyo sawa, shika kishikio ncha ikigusa chini karibu na kidole gumba cha mguu. Kiwiko kikikunjwa pembe mraba, mkono wa mbele ukawa sambamba na sakafu, huo ndio urefu wako wa kawaida. Kwa hesabu ya haraka, zidisha kimo chako kwa 0.68. Mtu wa sentimita 160 ataanzia kwenye 110, wa 170 kwenye 115, wa 180 kwenye 120 au 125. Ukiwa katikati ya vipimo viwili, chagua kifupi. Fimbo ndefu mno hupandisha mabega mpaka masikioni, na shingo ndiyo inayolipa.

Fimbo ya vipande vitatu ina sehemu mbili za kurefusha, na hapo ndipo watu hukosea. Usivute kipande cha chini chote ukaacha cha juu kikiwa kimezama. Bomba la chini ndilo jembamba kuliko yote, na likirefushwa peke yake hupinda kirahisi. Kama namba zimeandikwa kwenye vipande vyote viwili, ziweke sawa: 115 chini, 115 juu. Njiani ukitaka kubadilisha, gusa kipande cha juu tu, ambacho kiko karibu na mkono. Kwa namna hiyo fimbo mbili haziwezi kupishana urefu, na hutainama kila mara.

Kila kipande kina mstari wenye neno STOP au MAX. Usiuvuke, hata kama fimbo ni fupi kwako. Bomba lililobaki ndani kwa sentimita chache halina pa kujishikilia, na litakatika au kuchomoka siku utakapoliegemea kwa nguvu. Kama urefu hautoshi, fimbo hiyo ni ya mtu mwingine.

Mabadiliko ya njiani ni haya. Mwinuko mrefu: punguza sentimita 5 hadi 10. Mteremko mrefu: ongeza sentimita 5 hadi 10 juu ya urefu wa kawaida. Ukikata mlima kwa ubavu, fimbo ya upande wa juu ifupishwe na ya upande wa bonde irefushwe, lakini fanya hivyo tu kama ubavu ni wa nusu saa au zaidi. Kwa vipande vifupi shika sponji ya chini upande wa mlima, uendelee. Kusimama kila dakika tano kufungua loki ni kujichosha bure.

Kufunga loki, na kwa nini huteleza

Loki ya klipu ikifungwa inatakiwa idai nguvu ya kidole gumba, isifunge kwa ulaini wala isilazimu kutumia mikono miwili. Ikiwa laini, kaza skrubu yake robo mzunguko, funga, jaribu kwa kuegemea, kisha rudia ikibidi. Usikaze kwa hasira: plastiki ya klipu hupasuka, na hasa kwenye baridi. Skrubu nyingine hukazwa kwa vidole, nyingine kwa bisibisi ya nyota, nyingine kwa sarafu. Jua ya kwako ni ipi kabla ya kuondoka nyumbani, na kama inahitaji bisibisi, moja ndogo iwe mfukoni. Skrubu hulegea zenyewe kwa mtikisiko wa siku nyingi, kwa hiyo kuzikagua kila jioni kambini ni kazi ya dakika mbili.

Loki ya kuzungusha hufungwa kwa kushika vipande viwili na kuvizungusha kwa mwelekeo wa mshale uliochorwa, mpaka mkono ukatae, basi. Ikizunguka bila kushika, kukaza zaidi hakusaidii. Chomoa kipande cha ndani kabisa. Utaona kile kipande cha plastiki kwenye skrubu yake: kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, kizungushe kwa vidole mpaka kitanuke kidogo, kirudishe ndani kikiwa kimetanuka hivyo huku kikisugua ukuta wa bomba, kisha kaza. Mara nyingi tatizo linaisha hapo. Likiendelea, plastiki imelika na inahitaji kubadilishwa. Njiani unaweza kuifunga mzunguko mmoja wa tepu nyembamba ikakufikisha mwisho wa safari.

Usiweke mafuta, grisi wala dawa ya kulegeza kutu ndani ya fimbo. Loki hufanya kazi kwa msuguano, na mafuta ndiyo adui wa msuguano. Fimbo iliyopakwa mafuta "ili ifunguke vizuri" ndiyo ile inayofyatuka chini ya Stella Point, kwenye ukingo wa kreta.

Baridi ina visa vyake. Unyevu wa jioni ukiingia kwenye maungio, usiku huganda, na saa sita usiku, wakati wa kuanza kupanda kileleni, vipande havitoki wala haviingii. Usiziache fimbo nje zimechomekwa ardhini. Zipanguse, ziweke ndani ya hema, na kabla ya kulala zirefushe kwa kipimo utakachoanzia. Gizani, na vidole vimekufa ganzi, hutaki kuhesabu sentimita.

Mkanda

Mkanda si wa kuzuia fimbo isipotee. Ndio unaobeba uzito, ili vidole visibane kishikio kwa saa nane. Ingiza mkono kutoka chini, upite ndani ya kitanzi kwenda juu, kisha ushushe kiganja ili mkanda ukae kati ya kiganja na kishikio, ukipita nyuma ya kifundo cha mkono. Rekebisha urefu wake mpaka, ukiusukuma chini, mkono ubaki usawa wa katikati ya kishikio. Ukiwa sahihi, unaweza kulegeza vidole vyote na bado fimbo ikakubeba. Mikanda mingine ina alama ya kulia na kushoto. Usiipishanishe, kwani mshono utakuchubua. Anayeingiza mkono kutoka juu hushikilia uzito wote kwa vidole, na jioni analalamika viganja vinauma.

Kuna mahali pa kutoa mikono kwenye mikanda kabisa: kwenye mawe makubwa yenye nyufa, kwenye mizizi iliyosukana, kwenye kuvuka mto, na popote ambapo ncha inaweza kunasa. Ukianguka mkono ukiwa ndani ya mkanda, fimbo inageuka wenzo unaovunja kidole gumba au kutegua kifundo cha mkono. Bora fimbo idondoke.

Kutembea nazo

Kwenye tambarare mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto, kama unavyotembea kila siku bila fimbo. Ncha igonge chini karibu na mguu ulio mbele, fimbo ikiwa imeelekea nyuma kidogo, kisha isukume kwa nyuma. Ukijishtukia mkono na mguu wa upande mmoja vinakwenda pamoja, acha fimbo ziburutwe hatua kadhaa. Mwendo hujirudi wenyewe.

Kwenye mwinuko, fimbo fupi, ncha isipite mbele ya mguu wako. Kuichomeka mbali mbele na kujivuta ni kosa la kawaida: mikono huchoka, kifua hujikunja, na pumzi inapungua mahali unapoihitaji kuliko kote. Msukumo uwe wa kwenda chini na nyuma, kiwiko kikiwa karibu na mwili. Kwenye ngazi ndefu za mawe, tua fimbo zote mbili kwa pamoja kwenye jiwe la juu, panda, zisogeze tena. Usiku wa kupanda kileleni, ambapo mwendo ni wa pole pole kweli kweli, weka fimbo moja kwa kila hatua na pumzi moja. Mwili ukishalizoea hilo, hauhitaji kuhesabu.

Sasa kushuka, ambako ndiko maneno mengi yanastahili. Kabla ya kuondoka Uhuru au, kama upepo ni mkali, mara ufikapo Stella Point, simama urefushe fimbo. Ukingoja mpaka magoti yaanze kuuma, umechelewa. Kanuni ni moja: fimbo itangulie, mguu ufuate. Ncha zitue mbele yako na chini ya usawa wa miguu, uzipe uzito kidogo, ndipo mguu ushuke kati yake. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo, kiwiliwili kiinamie mbele kidogo. Anayeogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakofanya visigino viteleze.

Kwenye kokoto laini kati ya Stella Point na Barafu, hatua hutua kisigino kwanza na kuteleza sentimita kadhaa pamoja na kokoto, jambo ambalo ni la kawaida na halina ubaya. Fimbo hapo ni za kushika mizani kulia na kushoto. Usizitupie uzito wote mbele, kwa sababu kokoto hukimbia, ncha hukimbia nazo, nawe unafuata kifudifudi. Kisahani kiwepo, kwani bila hicho ncha huzama na kunasa. Shika vishikio kwa vidole vilivyolegea. Ukihisi unakwenda kasi kuliko unavyotaka, geuka ubavu, chomeka fimbo zote mbili upande wa chini, simama. Ukitaka kuegemea fimbo kupumzika, hakikisha ziko wima: bomba hubeba uzito mwingi kwa wima, ila kidogo sana kwa ubavu. Karibu kila fimbo iliyopinda ilipindia hapo.

Kwenye ngazi ndefu za kushuka unaweza kuweka kiganja juu ya kichwa cha kishikio badala ya kukishika ubavuni. Unaongeza sentimita kadhaa bila kugusa loki, na kiganja kizima kinabeba.

Ukuta wa Barranco, karibu mita 250 za kukwea kwa mikono na miguu, si mahali pa fimbo. Zifunge kabla ya kuondoka kambini: vipande vyote ndani, kofia za mpira kwenye ncha, zifungwe ubavuni mwa begi kwa kamba mbili, juu na chini, zisichomoze zikamkwaruza aliye nyuma yako. Usizining'inize mikononi kwa mikanda. Fimbo inayobembea kwenye ukuta huingia katikati ya miguu, tena miguu ya mtu mwingine. Ukishafika juu, zitoe tena, kwani mpaka Karanga kuna panda-shuka nyingi, na bonde la mwisho kabla ya kambi ni la kushuka kwa kasi na kupanda tena.

Msitu wa Mweka ni habari nyingine: tope, ngazi za magogo, mizizi yenye ukungu. Kofia za mpira ziondolewe, kwa kuwa mpira juu ya tope ni sabuni. Ncha ichomekwe ardhini kando ya gogo, isiwekwe juu ya gogo. Urefu ubaki ule wa kushukia mpaka njia inapokuwa pana karibu na geti. Kofia za mpira hufaa kwenye lami, kwenye mwamba mkavu ulio laini, na mahali ambapo ncha za chuma zinachimba njia kupita kiasi.

Kwenye mabwawa ya Rwenzori, na kwenye mteremko wa tope wa njia ya Naro Moru kule Mlima Kenya, fimbo hupata kazi nyingine: kupima kina. Chomeka kabla ya kukanyaga. Weka visahani vipana, vile vya theluji, kwa sababu vidogo huzama mpaka nusu ya fimbo. Na tope huvuta. Ukichomoa kwa nguvu unaweza kubaki na kishikio na bomba la juu, kipande cha chini kikiwa kimebaki matopeni. Loki za kuzungusha hufanya hivyo zaidi. Itikise fimbo kulia na kushoto kwanza, hewa iingie, ndipo uivute.

Kwa kuvuka mto, fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, toa mikono kwenye mikanda ya fimbo, uso uelekee mkondo unakotoka. Fimbo zitangulie upande wa maji yanakotoka, na kila mara pawe na viungo vitatu chini: miguu miwili na fimbo moja, au fimbo mbili na mguu mmoja. Maji yakizidi magoti na yana kasi, tafuta pengine.

Radi ikianza ukiwa kwenye mgongo wa mlima, kama ule wa kuelekea kilele cha Meru, ziweke fimbo kando mbali nawe na ushuke mgongoni. Fimbo zinaweza kununuliwa tena.

Zikiharibika njiani

Aluminiamu iliyopinda kidogo iache hivyo. Kuinyoosha kwa goti hudhoofisha chuma mahali pale pale, na mara ya pili inakatika. Itumie kama ilivyo, usijaribu kuifunga ndani ya bomba. Bomba likikatika, chukua vigingi viwili vya hema, viweke pande mbili za mvunjiko, funga kwa tepu ngumu kwa urefu wa kiganja kila upande. Ndiyo maana waliozoea huzungushia mita moja au mbili za tepu hiyo kwenye fimbo chini ya kishikio tangu nyumbani. Haiongezi uzito wa kuhesabika, na huziba pia kiatu, hema na malengelenge.

Ncha ya plastiki ikivunjika, usisikitike sana. Imetengenezwa ivunjike kabla ya bomba. Nyumbani, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto sana kwa dakika chache, izungushe na uivute, kisha pachika ncha mpya kwa kuigonga juu ya gogo mpaka ikae. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha bomba la chini, kwani za kampuni moja haziingii kwenye fimbo za nyingine.

Baada ya safari

Vitenganishe vipande vyote, si kuvisukuma ndani tu. Futa vumbi na tope kwa kitambaa chenye unyevu, sugua loki kwa mswaki wa zamani, acha kila kipande kikauke kando kwa usiku mzima. Vumbi la volkano likibaki ndani hukwangua bomba kila unapolivuta, na baada ya misimu michache loki haina kitu cha kushika. Zirudishe zikiwa zimelegezwa, si zimekazwa, ili plastiki isibaki imetanuka kabatini.

Anayekaa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa awe macho zaidi, maana hewa ya chumvi hutoa unga mweupe juu ya aluminiamu, na unga huo hugandisha vipande mpaka vinahitaji watu wawili kuvivuta. Ukiuona, usugue kwa brashi kavu au sufi laini ya chuma kwa mkono mwepesi, futa, rudisha. Na ukisafiri nazo kwa ndege, ziweke kwenye mzigo mkubwa unaokabidhiwa kaunta, kofia za mpira zikiwa kwenye ncha. Kwenye mkoba wa mkononi, viwanja vingi vitakunyang'anya.